Kuwapokea wahudumu wa kujitolea wa afya ya akili kutoka ng'ambo: mwongozo wa mratibu wa Mombasa

Mashirika yanayowapeleka wanafunzi wa saikolojia, wauguzi na washauri nasaha kujitolea ng'ambo huajiri mtu mmoja au wawili katika mji wanakokwenda. Mombasa mtu huyo huitwa mratibu. Ndiye anayeongea na kituo cha afya, anayetafuta nyumba, anayepokea simu saa nane za usiku, na anayejua ni muuguzi gani asisumbuliwe siku ya kliniki. Makao makuu yatakupima kwa jinsi wageni walivyoridhika. Wewe jipime kwa mgonjwa: kliniki imekwenda vizuri zaidi au vibaya zaidi kwa sababu wageni wapo? Maagizo yaliyo hapa yamepangwa kufuata swali hilo.

Mkataba wako kwanza

Shirika geni hupenda kukuajiri kwa barua pepe na "posho". Usikubali. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na ukifikisha miezi 12 una haki ya likizo ya malipo isiyopungua siku 21. Ukiwa mwajiriwa, utakatwa NSSF (akiba ya uzeeni), asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya na asilimia 1.5 kwa tozo ya nyumba, na mwajiri naye anatoa asilimia 1.5 yake ya tozo hiyo. Ukiandikwa kama mshauri wa kujitegemea, unakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 na huna likizo, basi malipo yapande yazibe pengo hilo.

Yako mambo matatu yasiyofaa kuachwa kwenye maelewano ya mdomo. Simu ya dharura ipokewe na watu wawili kwa zamu ya wiki. Fedha za dharura ziwe kwenye akaunti ya hapa, unazoweza kuzitoa usiku bila kungoja Ulaya iamke, maana hospitali za kibinafsi huomba amana kabla ya kumlaza mtu. La tatu, uwe na msimamizi wa kitaaluma asiyekuwa bosi wako, wa kukaa naye saa moja kila wiki mbili. Hili ndilo huachwa mara nyingi, nalo ndilo huwamaliza waratibu. Utasikia habari za kujiua, za ubakaji na za dawa za kulevya, za wagonjwa na za wageni pia, na ukizibeba peke yako mwaka mzima zitakuangusha.

Miezi mitatu kabla ya ndege

Anza na uhamiaji. Idhini ya kusafiri ya mtandaoni, iliyochukua nafasi ya viza tangu Januari 2024, humruhusu mgeni kuingia na kutembea. Haimruhusu kufanya kazi, na kujitolea bila mshahara nako ni kazi. Kwa wanaokuja majuma au miezi michache, shirika mwenyeji huwaombea pasi maalumu. Kwa anayekaa muda mrefu, kibali cha daraja la I, cha shughuli za kidini na za hisani. Mwombaji lazima awe shirika lililosajiliwa nchini, kwa hiyo hakikisha usajili wenu unaendana na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024. Maombi hukwama kwa mambo madogo: jina la barua halilingani na la pasipoti, pasipoti imebakisha chini ya miezi sita, barua ya kituo haina muhuri. Mwambie mgeni asikate tiketi isiyobadilishika kabla pasi haijatoka.

Mgeni mwenye taaluma anayetaka kutibu anahitaji leseni ya muda kutoka baraza linalohusika: la madaktari, la wauguzi, au bodi iliyoundwa na Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014. Asiye na leseni hatibu, hata akiwa na shahada tatu. Kila mmoja alete pia cheti cha polisi cha nchi yake.

Kituo nacho kina utaratibu. Ongea na idara ya afya ya kaunti, kisha na daktari msimamizi wa hospitali, kisha na muuguzi mkuu wa kitengo. Usiruke hatua hii ya mwisho. Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani na kitengo cha magonjwa ya akili cha Port Reitz hupokea watu kutoka kila upande wa Pwani, na wauguzi wake wana kazi ya kutosha bila kufundisha wageni. Makubaliano yaseme idadi, siku, saa, na nani anayetoa amri kwenye wadi. Kipimo kinachofaa ni wageni wawili kwa muuguzi mmoja aliye zamu. Wanne wakisimama pamoja kwenye wadi, wagonjwa huacha kuongea.

Kuhusu majira, wanafunzi wa Ulaya huwa huru Juni hadi Septemba, nayo ni miezi ya kusi, joto likiwa limepungua. Kundi la Februari na Machi huingia kwenye kaskazi, joto likipita digrii 30, na miaka hii Ramadhani imekuwa ikiangukia papo hapo. Kliniki huendelea wakati wa mfungo, lakini vikundi vya alasiri havipati watu, na familia inayomlaza mgeni inaamka daku na inahangaika na futari. Ukiweza kuepuka, epuka.

Kazi gani wapewe

Kosa kubwa kuliko yote ni kumweka mwanafunzi wa miaka 21 mbele ya mgonjwa akaitwa "daktari". Mgonjwa atamweleza mambo ambayo hakumweleza mkewe, na wiki ya nne mgeni anapanda ndege. Kitambulisho cha mgeni kiandikwe kwa Kiswahili, herufi kubwa: MWANAFUNZI, au MHUDUMU WA KUJITOLEA. Asishike funguo za wadi, asigawe dawa, asimshike mgonjwa kwa nguvu, asikae naye faragha mlango umefungwa.

Wanafunzi wanafaa sana kwenye vikundi vya shughuli. Kundi moja liwe na wagonjwa wasiozidi wanane, wageni wawili na mfanyakazi mmoja wa kituo, kwa dakika 45, kuanzia saa nne asubuhi watu wakishakunywa chai na dawa. Bao, karata, kusuka ukili, kuchora, kushona leso, kunyoosha viungo: chochote ambacho wagonjwa wanakijua na wanaweza kumfundisha mgeni. Shughuli ambayo mgonjwa ndiye fundi humrudishia heshima ambayo ugonjwa umemnyang'anya. Hesabu mikasi na sindano kabla na baada, na uandike idadi.

Mpira wa mchana uache. Klopromazini, dawa ya magonjwa ya akili, hushusha presha mtu akisimama ghafla na huifanya ngozi iungue juani haraka. Dawa nyingi za kundi hilo pia huuzuia mwili kujipoza. Kaeni kivulini, na maji yawepo. Mgonjwa akikaza shingo upande mmoja au macho yakapanda juu yasishuke, mara nyingi ni athari ya haloperidoli, dawa ya kundi hilo hilo, na kuna dawa ya kuiondoa. Aitwe muuguzi palepale. Familia huweza kudhani ni pepo amepanda na kuacha dawa moja kwa moja.

Wenye taaluma kamili wana kazi nyingine, na nafuu yake hudumu: kusimamia na kunoa watoa huduma wa hapa. Shirika la Afya Duniani lina mpango uitwao Problem Management Plus, wa vikao vitano, kimoja kwa wiki, unaotolewa na watu wasio wataalamu waliofunzwa. Ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili. Mtoa huduma wa Mikindani au Likoni ndiye akae na mhusika, kwa Kiswahili au Kidigo, na mgeni akae kwenye kikao cha usimamizi cha kila wiki. Mgeni akiondoka, huduma inabaki.

Kwenye makao ya watoto usiwapeleke kabisa. Mtoto aliyekwisha kuachwa hushikamana na kila mgeni anayempakata, kisha huachwa tena kila baada ya mwezi. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya tangu 2017, na sera sasa ni kuwarudisha watoto kwenye familia. Makao makuu yakikusukuma kwa sababu picha za watoto huvutia wafadhili, kataa kwa maandishi.

Afya ya mgeni mwenyewe

Wanaovutwa na kazi hii wengi wamewahi kuugua wao wenyewe, au wameuguza. Hilo halimzuii mtu. Aliyepitia sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) na anazijua dalili zake ni salama kuliko asiyewahi kuulizwa. Fomu ya afya itumwe baada ya kuchaguliwa, isomwe na mtu mwenye taaluma, iulize dawa na dozi, kulazwa kwa miaka miwili iliyopita, na dalili za mwanzo za kuzidiwa, kwa maneno yake mwenyewe.

Kinga ya malaria ndiyo mtego mkubwa. Mombasa ina malaria, na baadhi ya madaktari wa ng'ambo bado huandika meflokwini. Dawa hiyo inaweza kuleta ndoto za kutisha, hofu kali, hata kuchanganyikiwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali zaidi mwaka 2013. Mwenye historia ya sonona, wasiwasi mkali au saikosisi (kupotewa na uhalisia) asiitumie. Aulizie doksisaiklini, akijua inafanya ngozi iungue juani, au atovakwoni pamoja na proguanili.

Anayetumia lithiamu, dawa ya hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, mfuatilie kwa karibu. Jasho, kuhara na kufunga hupunguza maji mwilini, na lithiamu hupanda kwenye damu. Ibuprofeni na diklofenaki huipandisha pia, na hizo ndizo duka la dawa humpa mtu akisema tu kichwa kinauma; yeye atumie parasetamoli. Kutetemeka mikono kwa nguvu, kutapika, kuyumba na ulimi mzito ni dharura ya siku hiyo hiyo. Kabla hajafika, tafuta maabara ya mjini inayopima kiwango cha lithiamu.

Dawa zote zisafiri kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya paketi zake, na barua ya daktari, za kutosha muda wote wa kukaa na wiki mbili zaidi. Bima isomwe kifungu kwa kifungu: nyingi huyaacha nje magonjwa ya akili, au hali zilizokuwepo kabla ya safari. Kama haitaji wazi kulazwa kwa ugonjwa wa akili na kurudishwa nyumbani na msindikizaji, ni karatasi tu.

Siku tano za kwanza

Usiku mbili za mwanzo walale. Kukosa usingizi baada ya safari ndefu kunaweza kuamsha wazimu wa furaha kwa mwenye maradhi hayo, na kundi lililochoka halisikii chochote unachosema.

Kisha fundisha salamu kabla ya saikolojia. Mgonjwa haulizwi swali kabla ya habari za nyumbani na za watoto. Mzee hupewa shikamoo. Mwanamke wa miaka 60 haitwi jina lake kavu. Ni Mama Fulani, au bi, au shangazi. Hodi hupigwa hata pazia likiwa wazi. Mabega na magoti yafunikwe, na kila msichana awe na leso ya kujifunga akiingia nyumba za watu Mji wa Kale au Kisauni. Maneno kichaa, chizi na teja yafe siku ya kwanza.

Tenga asubuhi nzima kwa lugha ya maumivu. Mwanafunzi aliyesoma vitabu vya Uingereza hungoja mgonjwa aseme "nina huzuni", na hatalisikia. Atasikia: mawazo yamenizidi, moyo unaenda mbio, kichwa kinawaka moto, kifua kizito, mwili hauna nguvu. Asipolijua hilo, mama mwenye sonona ataandikiwa dawa ya vidonda vya tumbo. Jini, husuda na uchawi pia vitatajwa, na wagonjwa wengi watakuwa wamepita kwa shekhe kwa rukya (kusomewa Kurani), kwa mchungaji, au kwa mganga. Mgeni habishi wala hakubali, anauliza, "Ilisaidia nini?" Muuguzi anaposema dua iendelee na sindano iendelee, familia hurudi kliniki. Ikiambiwa ichague moja, huchagua dua.

Wafunze kifafa, kwa kuwa wengi wa wanaokuja kliniki ya akili huja kwa kifafa. Ondoa vitu vya kuumiza, laza mtu ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimshikilie, tazama saa. Ikipita dakika tano, ni dharura.

Njia ya kwenda kazini uipite nao mara moja, kisha waipite wawili wawili bila wewe huku ukiwa kwenye simu. Wa Likoni waepuke feri ya saa za msongamano mpaka waizoee.

Mkalimani

Jamaa ya mgonjwa asitafsiri, hata akijitolea kwa moyo mweupe. Mke hatasema mbele ya shemeji. Mkalimani alipwe kwa saa, awe mtu wa kutunza siri, na asiwe jirani wa mgonjwa. Kabla ya kikao wape dakika kumi za kukubaliana. Mgeni aseme sentensi moja kwa pumzi moja, amtazame mgonjwa asimtazame mkalimani, na mkalimani aseme "mimi" mgonjwa anaposema "mimi". Baada ya kikao, dakika kumi nyingine, za mkalimani mwenyewe: amesikia nini, kimemgusaje. Huyu husikia kila jambo mara mbili na kwa kawaida hakuna anayemuuliza hali.

Dodoso la PHQ-9, la kupima sonona, lina maswali tisa na alama 0 hadi 27. Swali la tisa linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote lisilo sifuri lifike kwa muuguzi au daktari kabla mgonjwa hajatoka getini, hata kama jumla ya alama ni ndogo. Kama siku hiyo hakuna wa kumpokea, dodoso lisitolewe.

Mtu akisema anataka kufa

Kila mgeni azijue hatua hizi kwa moyo:

1. Asimwache peke yake, hata kwenda kuita mtu. Apige simu au atume mwenzake.
2. Amuulize waziwazi kama anafikiria kujiua, na kama amepanga vipi. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo.
3. Asiahidi siri. Aseme: "Nitamwambia muuguzi, na nitakuwa nawe tukimwambia."
4. Amkabidhi kwa mfanyakazi uso kwa uso, na aandike jina la mfanyakazi na saa.
5. Akupigie wewe ndani ya saa moja.

Muuguzi ndiye aongee na familia kuhusu kuondoa sumu ya panya, dawa na kamba nyumbani. Familia huenda ikaficha kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho kinapingana na Katiba. Waambieni. Namba za bila malipo zibandikwe nyuma ya kila kitambulisho: 1199 ya Msalaba Mwekundu, 116 ya watoto, 1195 ya ukatili wa kijinsia.

Mgeni akimkuta mtu amefungwa mnyororo nyumbani, asimfungue na asipige picha. Aondoke kwa adabu, akwambie, nawe uende na muuguzi na mhamasishaji wa afya wa mtaa. Familia iliyomfunga mara nyingi imekosa dawa, imekosa usingizi na imekosa msaada. Mkianza na dawa, mnyororo hufunguka na haurudi. Mkianza na chifu na kelele, mgonjwa huhamishiwa kijijini msimwone tena.

Mgeni anapozidiwa

Kila wiki kaa na kila mmoja nusu saa, peke yake, mbali na nyumba ya kundi. Uliza usingizi, chakula, dawa, pombe, na ni mgonjwa gani anayerudi kichwani usiku. Dalili za kushika mapema: ameacha kula na wenzake, anakwenda kituoni hata siku ya mapumziko, ameanza kumlipia mgonjwa mmoja dawa, halali lakini anasema hajawahi kujisikia vizuri hivi. Hiyo ya mwisho wageni wenzake huiona kuwa bidii.

Akihitaji kulazwa, ipigie bima kabla ya kumpeleka ukiweza, chukua namba ya faili, na asilale hospitali bila mtu anayemjua. Mjulishe jamaa aliyetajwa kwenye fomu, kwa ruhusa yake akiwa na uwezo wa kuitoa. Usimkimbize uwanja wa ndege siku hiyo. Shirika la ndege huweza kudai kibali cha daktari na msindikizaji, na mtu mwenye saikosisi akikwama Nairobi au Doha yuko hatarini zaidi kuliko Mombasa.

Picha, pesa, kuaga

Habari za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Simu zibaki nyumbani au kwenye kabati la kituo. Picha ya geti la wadi nayo inamtambulisha aliye nyuma yake, kwa hiyo haipigwi. Namba za simu hazibadilishwi na wagonjwa.

Mgeni asimpe mgonjwa pesa. Mmoja akipewa, kesho wanaomba kumi, na muuguzi asiye na cha kutoa anadharauliwa. Anayetaka kuchangia anunue kile muuguzi mkuu alichoorodhesha, chenye risiti, kikabidhiwe kwa stoo. Mgonjwa asiye na bima asaidiwe kujiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali, kupitia afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali.

Kuaga kuanze wiki mbili kabla. Mgeni awatajie wagonjwa tarehe, airudie kila kikao, na asiseme atarudi kama hana tiketi. Madaftari yote ya wagonjwa yabaki kituoni. Maandishi binafsi yenye majina yachanwe mbele yako.

Wiki mbili baada ya ndege kuondoka, nenda kwa muuguzi mkuu bila mtu wa makao makuu. Muulize ni kazi gani iliyobaki ikiendelea, ni mgonjwa gani anayeulizia mgeni, na kama wauguzi wa zamu wanataka kundi jingine. Akinyamaza kwenye swali la tatu, ahirisha kundi linalofuata na uwaandikie makao makuu sababu, siku hiyo hiyo.